Nyumba ya 1923, rejeta tisa za maji ya moto: nizing'oe zote?

MsambaaWaLowell

Wakuu, habari za usiku. Niko Lowell, Massachusetts, huu mwaka wa kumi na moja. Kwetu ni Lushoto, kwa hiyo baridi si mgeni kwangu, ila ile ya kwetu ukikoka moto jikoni na kujitanda blanketi inakwisha. Ya huku inapanda na wewe kitandani.

Mwezi wa nane tulinunua nyumba. Imejengwa 1923, ya mbao, ghorofa moja, na besimenti ya mawe. Ina rejeta tisa za maji ya moto. Najua mtu wa Bongo ukimtajia rejeta anafikiria gari limechemsha Segera. Hizi ni za nyumba: chuma cha kusubu, mbavu mbavu, zimejipanga chini ya madirisha kama ng'ombe zizini, zote zimepakwa rangi ya fedha.

Sasa Agosti nani anakumbuka kupima joto? Mkaguzi aliwasha boila dakika tano, akashika rejeta ya sebuleni, akaandika inafanya kazi. Oktoba ndipo tukajua tumenunua nini. Sebuleni ni tanuri, mume wangu anakaa na singlendi. Juu, chumba cha binti yangu, kona ya kaskazini, naingia asubuhi kumwamsha aende shule nakuta amelala na koti na kofia. Nimemwekea kipimajoto kidogo: kinasoma 57 (nyuzi za Farenhaiti, ndizo za huku) wakati themostati ya chini inasema 70. Rejeta yake ukiishika, mbavu mbili tatu za upande bomba linapoingilia zina uvuguvugu, zilizobaki baridi kama mtungi.

Upepo nimetoa. Nilinunua ule ufunguo mdogo, nikafungua kile kikoki cha juu, yakaruka maji meusi hadi ukutani (nimeshapaka rangi upya, msinicheke). Hewa haikutoka hata kidogo, maji tu.

La pili: rejeta ya chumba cha kulia, kati ya ubavu wa nne na wa tano, kuna chozi la kutu. Nimetega kopo la siagi chini yake. Kwa siku linapata kama vijiko viwili vya chakula.

Nikaita kampuni moja. Kijana akaja, akakaa dakika ishirini, besimenti hakushuka. Akasema hizi ni za kale, zinakula gesi, dawa ni kung'oa zote tisa na kufunga besibodi, zile hita ndefu zinazolala chini ya ukuta. Hesabu: dola 17,800. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Nikipiga hesabu ya usiku ngapi hizo, natamani kulia.

Nimalizie na vitu ambavyo sijui kama vina maana. Mabomba ya besimenti ni manene ajabu, kama paja la mtoto, ila boila lenyewe ni dogo, la gesi, la miaka ya karibuni. Na darini kuna tangi la chuma limekaa peke yake, bomba lake limekatwa.

Swali: ning'oe zote, ning'oe moja, au nikae na kopo langu la siagi?


ChumaUlete

Dada, hapo umekalia tani nzima ya skrepa. Ng'oa, uza, nunua hiti pampu, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani, maisha yaendelee. Karne hii mtu anapasha nyumba kwa maji kama anachemsha ugali?


MzeeWaLeicester

Bibie, mimi niko Uingereza, huku nyumba karibu zote zinapashwa kwa maji na hakuna anayeona ajabu. Yangu ni ya miaka ya 1930. Mwaka juzi nilibadilisha rejeta sita. Huku tunafunga za bati la chuma, bapa, ukutani. Yenye bati mbili na mapezi mawili katikati tunaiita Type 22. Kila moja ina koki yake yenye namba, unaweka 2 chumbani, 4 sebuleni, basi. Sijutii.

Lakini sababu yangu haikuwa kama yako. Zangu zilikuwa zimeoza kwa ndani, chini zimejaa tope jeusi la kutu. Dalili yake utaijua kwa mkono: rejeta ikiwa moto juu na baridi chini katikati, hilo ni tope. Ikiwa moto chini na baridi juu, hiyo ni hewa. Yako wewe imekatika kwa upande, mbavu za kwanza vuguvugu, za mwisho baridi. Hiyo mimi sijawahi kukutana nayo. Maji yanaingia kama kwa kijiko.

Na hilo la "za kale zinakula gesi" msikilize kwa sikio moja. Huku Uingereza, tangu Juni 2022, mfumo mpya ukifungwa wote unatakiwa upangwe ili maji yasizidi nyuzi 55 za Selsiasi. Boila la kisasa linafaidika maji yakirudi yamepoa. Ili chumba kipate joto kwa maji ya uvuguvugu unahitaji rejeta kubwa. Sisi tunazinunua hizo kubwa kwa pesa nyingi, wewe unazo tisa, unataka kuzitupa.


FundiLikoni

Dadangu, pole na zamu. Mimi mtoto wa Likoni, sasa niko Providence, hapo jirani yako, na kazi yangu ndiyo hii ya boila mwaka wa kumi na sita. Kabla sijasema lolote naomba unijibu haya.

Kila rejeta ina bomba moja au mawili? Wengi husema "maji ya moto" kumbe nyumba ni ya mvuke. Ya mvuke aghalabu ina bomba moja na kidude cha pembeni kinachopumua fyuuu. Wewe umefungua ukapata maji, kwa hivyo nahisi ni mawili, lakini niambie.

Geji ya boila, likiwa limepoa, inasoma ngapi? Nyumba ya ghorofa moja inataka kama 12 za psi. Kila alama moja ya hiyo presha hupandisha maji futi 2.3, kwa hivyo 12 inafika futi 27 na ushee. Ikiwa una 5 utatoa upepo mpaka Pasaka na maji hayatafika kwa mtoto.

Rejeta ya huyo mtoto ina mbavu ngapi, na kila ubavu, ukiutazama kwa ubavuni, una nguzo ngapi? Urefu je, kutoka sakafuni?

La mwisho, na hili si swali. Ukishuka besimenti ukaona kwenye kona za mabomba kitu cheupe kama plasta, au mabomba yamevishwa kama karatasi za maboksi zenye mikunjo, usikiguse, usikifagie. Nyumba ya umri huo, hiyo inaweza kuwa asbesto. Ikiwa nzima iache ilivyo. Ikiwa imechanika, hiyo ni kazi ya watu wenye leseni yake, si yangu wala ya mumeo.

Hilo tangi la darini limenifurahisha. Nitakuambia kwa nini ukinijibu.


MsambaaWaLowell

Kaka asante sana. Nimeshuka na tochi ya simu.

Mabomba mawili kila rejeta, moja kila upande. Geji likiwa limepoa ni 14. Rejeta ya binti ina mbavu 12, kila ubavu nguzo tatu, urefu inchi 38. Kwenye ubavu wa mwisho kuna maandishi ya kuchomoza, nimefuta vumbi nikasoma "American Radiator Company".

Cheupe kipo, kona mbili, ni kizima. Nilikuwa nataka kukibandua wiki iliyopita kwa sababu kinaniudhi. Mungu mkubwa.


FundiLikoni

Mungu mkubwa kweli.

Sasa sikiza. Hiyo rejeta ya mtoto haina udogo wowote. Ubavu wa nguzo tatu, inchi 38, kwenye majedwali yetu huhesabiwa futi za mraba 5 za kupasha. Mara 12 ni 60. Maji yakiwa wastani wa nyuzi 170 za Farenhaiti, kila futi hutoa BTU 150 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Kwa hivyo hapo una BTU 9,000. Besibodi ya kutoa joto hilo hilo, kwa maji hayo hayo, inataka kama futi 17 za ukuta. Mwambie yule kijana akuoneshe hizo futi 17 mtoto akishaweka kitanda, meza na kabati. Na kusema rejeta inakula gesi ni kusema sufuria inakula mkaa. Kinachokula ni jiko.

Kwa hivyo tatizo si rejeta, ni maji kutofika. Na hapa ndipo lile tangi linaingia.

Nyumba yako ilijengwa bila pampu. Zamani maji yalizunguka yenyewe: yakipata moto besimenti yanakuwa mepesi yanapanda, yakipoa kwenye rejeta yanakuwa mazito yanashuka. Ndiyo maana mabomba ni manene hivyo, ili maji yapite bila kusukumwa. Maji yakipata moto yanavimba, na yakivimba yalipanda kwenye tangi la darini. Baadaye mtu akaleta boila dogo na pampu, akakata tangi, akafunga lile dogo jekundu au la kijivu ambalo bila shaka liko karibu na boila lako.

Shida ya ule mfumo wa zamani ilikuwa kinyume cha yako. Maji mepesi hupenda kukimbilia juu. Ghorofani palikuwa panaungua, chini watu wanatetemeka. Kwa hivyo mafundi wa wakati ule waliingiza kisahani cha chuma ndani ya nati kubwa, pale koki inapoungana na rejeta, za ghorofani tu. Kisahani kina tundu dogo katikati, kama washa ya bolti. Kilikuwa kinapunguza maji ya juu ili ya chini yapate.

Pampu ilipokuja mambo yakageuka. Maji yanayosukumwa hayajali juu wala chini, yanapita penye wepesi. Chini ni karibu, hakuna kisahani, basi yote yanapita sebuleni kwa baba mwenye singlendi. Themostati nayo iko chini, inaona 70, inazima boila kabla mtoto hajapata chake. Nimeshakutana na visahani hivi nyumba nyingi na kila mara mwenye nyumba ameshaambiwa ang'oe.

Siwezi kuapa na sijaona kwa macho yangu. Lakini mabomba manene, tangi darini, juu baridi, mbavu za mwanzo vuguvugu, hewa hakuna, presha nzuri: ningefungua hiyo nati kabla ya kufungua pochi.

Kazi yenyewe: maji yatolewe mpaka chini ya usawa wa ghorofani, nati ifunguliwe, kisahani kitoke, irudishwe, maji yajazwe, upepo utolewe kuanzia chini kupanda juu, pampu ikiwa imezimwa. Huko Massachusetts mabomba na gesi ni vya mwenye leseni, kwa hivyo tafuta mtu mzima, mwenye nywele nyeupe, na umuulize kwa simu kama anajua visahani vya mifumo ya zamani. Akicheka, tafuta mwingine.

Ile ya chumba cha kulia ndiyo mgonjwa wa kweli. Ikivuja kwenye koki inatengenezeka. Ikivuja kati ya mbavu, kile kiungo cha ndani kimeliwa, na dawa za kuziba zinazomiminwa ndani ya maji mimi sizipendi, zinaziba na pasipotakiwa. Badilisha hiyo moja. Nenda kwenye maghala ya vitu vya nyumba za zamani, zipo kwa bei ya chakula cha mchana cha harusi. Lakini ukifika usiangalie maua, angalia JUU. Rejeta ya maji ina mbavu zilizoungana juu na chini. Ya mvuke mara nyingi imeungana chini tu. Ukifunga ya chini tu kwenye nyumba ya maji, kila ubavu unabaki na hewa yake kichwani na hakuna ufunguo wa kuitoa. Pima pia kutoka bomba hadi bomba, katikati kwa katikati, usipime mbavu peke yake.

Na mtu akitaka kukuvutia bomba jipya la plastiki, PEX, iwe ile yenye ngozi ya kuzuia oksijeni. Ya kawaida inavuta hewa kidogo kidogo kupitia ukuta wake na boila lako linaoza taratibu. Nimezika maboila mawili kwa ajili hiyo.


MamaWawili_Worcester

Mimi ndiye yule aliyeng'oa, kwa hiyo niseme. 2019, nyumba ya ghorofa tatu hizi za huku, tulikuwa tunakaa ya kati. Tulishawishiwa hivyo hivyo: besibodi, kisasa, nafasi kubwa. Wanaume wanne walishusha rejeta ngazini, moja ikawaponyoka, ngazi ya tatu kutoka chini mpaka leo ina alama.

Besibodi zinafanya kazi, sitaki kusema uongo. Ila zinapata moto haraka na kupoa haraka. Boila likizima, dakika kumi tu unaona mabadiliko. Rejeta za chuma zilikuwa zinabaki na joto mpaka nimalize kusali alfajiri. Halafu zile bati za besibodi mtoto akizikanyaga zinajikunja, zinagonga usiku tak tak tak, na kochi haliwezi kukaa ukutani.

Kosa letu kubwa lilikuwa jingine: tuliacha rejeta moja ya zamani bafuni kwa sababu fundi alichoka. Sasa bafuni na sebuleni ziko kwenye mzunguko mmoja, moja ya chuma kizito na nyingine ya mapezi mepesi. Hazipatani kabisa. Sebuleni ikitosheka bafuni ndiyo kwanza inaanza. Ukibadilisha moja, dada, weka ya aina ile ile.


ChumaUlete

Haya nimenyamaza. Ila hiti pampu nimesema, ipo kwenye rekodi.


FundiLikoni

Hiti pampu ni kitu kizuri, ndugu yangu, sikatai. Na siku dada akiitaka, ile ya kupasha maji, hizo hizo rejeta kubwa zitamfaa, kwa sababu kwenye maji ya nyuzi 140 bado zinatoa kama BTU 90 kwa futi. Kwanza azibe dari, joto lisitorokee juu. Hiyo haina ubishi.


MsambaaWaLowell

Wakuu, nimekaa kimya wiki sita, samahani. Leteni viti.

Nilipiga simu sehemu tano. Wa kwanza alicheka, kama kaka alivyosema. Wa tatu alinyamaza kidogo halafu akasema, "Nyumba ina tangi darini?" Nikajua huyu ndiye. Mzee mmoja mkimya, magoti yanamuuma, anashuka ngazi kwa kugeuka nyuma kama anashuka mnazi.

Alikuja na kijana wake Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Akaunganisha mpira kwenye boila, akauelekeza kwenye tundu la sakafu besimenti. Yale maji! Meusi kama kahawa ya mazishi, na harufu ya sarafu zilizokaa mkononi. Akapanda chumbani kwa binti, akatandaza plastiki, akatoa spana ndefu kuliko mkono wangu. Nati haikugeuka. Akapuliza dawa ya kutu, akaomba chai, akakaa nusu saa anatazama picha za binti ukutani. Akarudi, haikugeuka. Akawasha moto wa gesi kidogo kuizunguka, kijana ameshika kitambaa kibichi kuzuia ukuta usiungue. Safari ya tatu ikalia, mlio kama mlango wa kanisa la zamani, ikaachia.

Akaingiza bisibisi, akakichokoa, kikaangukia kiganjani mwake. Akanipa. Kaka FundiLikoni, ni kile kile. Kina ukubwa wa sarafu kubwa, cheusi, katikati tundu ambalo penseli inapita lakini kidole changu kidogo hakipiti. Miaka mia moja binti yangu na wa watu wengine wanapashwa joto kupitia tundu la penseli! Nilicheka mpaka yule mzee naye akacheka.

Rejeta za juu ziko nne. Tatu zilikuwa na visahani, ya bafuni haikuwa nacho, nadhani ndiyo maana bafuni kulikuwa na nafuu siku zote. Hakuvitupa. Alivichukua akasema viwili ataviweka chini, sebuleni na kwenye korido, ili kupunguza maji huko. Akafanya hivyo. Wakajaza maji, wakatoa upepo kuanzia chini, geji ikasimama 13. Baada ya saa mbili nikapanda, nikaweka kiganja kwenye ubavu wa kumi na mbili. Moto. Kesho yake asubuhi kipimajoto cha binti kilisoma 66. Mume wangu ameanza kuvaa sweta sebuleni na analalamika, lakini hilo ni la ndani ya nyumba.

Sasa rejeta ya chumba cha kulia. Nilikwenda ghala moja la vitu vya zamani, nikakuta moja nzuri sana, imechorwa maua tangu juu hadi chini. Roho ikaipenda. Muuzaji akasema inafaa popote, zote ni sawa. Nikakumbuka: angalia juu. Nikawasha tochi ya simu, nikapitisha kidole kati ya mbavu upande wa juu. Kidole kikapita mpaka upande wa pili. Nafasi tupu, hazijaungana. Za mvuke. Nikamwambia "hii haina kichwa", akanitazama kama mwendawazimu.

Kwenye kona kulikuwa na nyingine, mbaya, haina ua hata moja, rangi ya kahawia inabanduka, imeungana juu na chini. Mbavu 10, yangu ilikuwa 11. Nikawaomba waijaze maji na kuipa presha mbele yangu, wakanung'unika, wakafanya. Dola 225. Kuibeba walikuja watu watatu kutoka kanisani na kitoroli, na mmoja mpaka leo anasema nimemvunja mgongo. Mzee alirefusha kipande cha bomba kufidia ubavu uliopungua.

Gharama, kwa wanaotaka kujua: siku ya visahani 875, siku ya kubadilisha rejeta 740, rejeta yenyewe 225. Jumla 1,840. Ile ya zamani nimeiuza skrepa, ChumaUlete furahi, nimepata hela ya pizza mbili.

Si kwamba mambo yote yamekwisha. Koki ya sebuleni, mzee alipoizungusha kupunguza maji, ikaanza kutoa jasho kwenye shingo. Aliikaza, ikapungua, bado inalowesha karatasi ya chooni ukiizungushia. Kopo la siagi limehamia huko. Atarudi Machi, anasema hataki kukausha mfumo tena katikati ya baridi kwa ajili ya jasho. Namwelewa. Na dari bado, tumeomba ule ukaguzi wa nishati wa Mass Save, mpango wa hapa Massachusetts wa kupunguza matumizi ya nishati, tunasubiri zamu yetu.

Swali la mwisho, kaka. Hii rangi ya fedha inanikera, na binti anataka chumba chake kiwe zambarau. Nimenunua msasa. Nianze kusugua, au kuna mashine ya kukodi?


FundiLikoni

Weka huo msasa chini, mamangu. Sasa hivi.

Rangi ya nyumba ya 1923 ihesabu kuwa ina madini ya risasi mpaka upime uone haina. Huku Marekani ilipigwa marufuku majumbani 1978, na hiyo yako ina tabaka za kabla ya hapo. Ukisugua kavu unatengeneza unga wa sumu kwenye chumba cha mtoto, tena juu ya kitu kinachopeperusha hewa moto siku nzima.

Na huna haja ya kusugua. Rangi ya fedha ina unga wa metali, ndiyo inayozuia joto kidogo lisitoke. Lakini linalohesabika ni tabaka la juu kabisa. Ukipaka rangi ya kawaida juu yake, ile ya fedha chini haina habari tena. Panapobanduka, lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kiende kwenye mfuko ufungwe. Mtoto asiwepo.

Ipake boila likiwa limezimwa na chuma kimepoa kabisa, dirisha wazi. Kwa hivyo subiri Aprili. Siku ya kwanza utakayowasha itanuka, usiogope. Zambarau haina neno. Rejeta haijui rangi.


MsambaaWaLowell

Nimemwambia Aprili. Amenuna, ameandika tarehe kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu.